Nimezika pembe za ng'ombe kwenye shamba la zabibu Mpunguzi, mwaka wa nne huu. Njooni niwape ukweli wote

Mpogoaji (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kwenye ule uzi wa mbuzi nilisema mbuzi wangu "wameajiriwa kwenye zabibu", mdau mmoja akadai nimelewa mchuzi wangu mwenyewe wa zabibu. Nikaahidi kufungua uzi. Huu hapa, ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Nina ekari mbili za mizabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa. Ekari moja na nusu ni Makutupora Nyekundu, iliyobaki ni Chenin Blanc. Pembeni kuna ekari moja ya uwele na kunde. Ng'ombe wanne wa asili, mbuzi kumi na tisa, kuku sijui wangapi maana mwewe naye ana hesabu yake. Shamba aliliacha marehemu baba, na kwa baba hizi zilikuwa dunia mbili: zizi la kwake, zabibu za kampuni. Samadi ilirundikana nyuma ya zizi mpaka inashika moto jua likiwaka, huku yeye akikopa hela ya mbolea ya dukani kwa ajili ya zabibu zilizo hatua mia mbili kutoka hapo.

Nilipata bahati ya kubeba makreti ya zabibu miezi kumi kule Stellenbosch, Afrika Kusini. Shamba la jirani na nilipokuwa lilikuwa la baiodinamiki. Kwa ambao hawajawahi kusikia: ni kilimo hai, yaani hakuna sumu wala mbolea za viwandani, halafu juu yake kuna mambo mengine. Chanzo chake ni mihadhara minane aliyotoa Rudolf Steiner mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, wakati ule Ujerumani, leo ni Poland. Steiner hakuwa mkulima, alikuwa mtu wa falsafa, na mwaka uliofuata akafariki. Wafuasi wake ndio walioendeleza, na nembo ya Demeter, ile ya kuthibitisha mazao ya baiodinamiki, ikaanza kutumika 1928. Kwenye mvinyo jina likakua zaidi Wafaransa walipoingia, Nicolas Joly wa shamba la Coulée de Serrant akiwa mpiga debe mkubwa tangu miaka ya 1980.

Mambo yenyewe yana namba. Namba 500: kinyesi cha ng'ombe jike anayenyonyesha kinajazwa kwenye pembe ya ng'ombe jike, inazikwa msimu wa baridi, inafukuliwa baada ya miezi kama sita. Unachukua gramu mia hivi kwa hekta, unakoroga kwenye maji saa nzima, upande mmoja mpaka maji yatengeneze shimo katikati, halafu unageuza ghafla upande wa pili. Jioni unanyunyizia ardhini. Namba 501 ni jiwe la kwazi lililosagwa kama unga, nalo kwenye pembe, lakini linazikwa kiangazi na kupuliziwa majani alfajiri. Namba 502 mpaka 507 ni mitishamba ya kuwekwa kwenye mboji. Na kuna kalenda ya mwezi na nyota: siku ya mzizi, siku ya jani, siku ya ua, siku ya tunda.

Najua mnachofikiria. Hata mimi nilicheka. Kilichonishika ni wazo moja ambalo halina pembe wala nyota: shamba liwe kama kiumbe kimoja. Chakula cha mnyama kitoke humo, mbolea ya mmea itoke humo, kisitoke kitu wala kuingia bila sababu. Nikasema ngoja, hii si ndiyo kaya ya Mgogo kabla ya zabibu kuja?

Narudi na sehemu ya pembe, maana hapo ndipo nilipokaribia kuitwa mchawi.

Mbishi wa Makulu

Nimeweka kiti, nimeagiza karanga. Endelea mkuu.

Mpogoaji

Sehemu ya pili.

Pembe nilichukua machinjioni, kumi na mbili. Kijana aliyeniuzia akaniuliza "za kufanyia nini?" Nikasema mbolea. Akanitazama, akapunguza bei, akasogea nyuma kidogo.

Mwishoni mwa Aprili 2021, mvua zimekatika, nikazijaza mimi na mwanangu, tukachimba shimo kama nusu mita, tukazipanga midomo chini, tukafukia. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kosa langu ni hilo. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya jirani anayerudi kutoka kisimani: mtu na mwanawe, magharibi, wanafukia pembe zilizojazwa kitu cheusi katikati ya shamba. Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kitongoji yuko mlangoni na wazee watatu. Hawakugomba. Walikaa, wakanywa chai, wakauliza habari za mifugo, na baada ya nusu saa mmoja akasema, "Kijana, mvua mwaka huu ilikuwa kidogo. Watu wanasema." Ikabidi tuende wote shambani nifukue pembe moja mbele yao. Mzee akainusa. "Mavi ya ng'ombe," akawatangazia wenzake, na nadhani alisikitika kidogo.

Septemba nikafukua. Kule Stellenbosch nilionyeshwa kitu kama udongo wa msituni, cheusi, laini, hakina harufu. Kwangu pembe tisa zilikuwa na vichuguu vidogo ndani, mchwa wamekula kila kitu. Tatu zilizobaki zilikuwa na mavi makavu kama tofali, yaleyale niliyoweka.

Hapo ndipo akili ikaanza kufanya kazi. Nilinakili kalenda yao: zika Aprili, fukua Septemba, kwa kuwa hiyo ndiyo baridi yao. Lakini baridi ya Stellenbosch ina mvua. Udongo umelowa, wadudu wadogo wanafanya kazi. Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba ni nadra kudondoka tone, udongo umelala. Mwaka mzima tunapata mvua milimita mia tano na kitu, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ukitaka ardhi yetu iko macho lini, ni wakati wa mvua. Kwa hiyo awamu ya pili nikazika Desemba chini ya mkwaju, nikafukua Mei. Pembe kumi kati ya kumi na mbili zikatoka sawasawa. Mwanangu alinusa akasema "inanukia mvua."

Mtu wa Demeter akisoma hapa atashika kichwa. Ashike.

Bwanashamba Mstaafu

Mleta uzi, nakupongeza kwa uandishi, lakini tusiwapoteze vijana. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, zabibu nazijua. Hizi pembe zimepimwa na watu wenye maabara. Pale Ukiah, California, walilinganisha mizabibu ya kilimo hai na ile ya baiodinamiki kwa miaka kadhaa, matokeo yakachapishwa 2005: udongo haukuonyesha tofauti, kwenye matunda tofauti ilikuwa ndogo sana. Geisenheim, Ujerumani, wana jaribio la Riesling tangu 2006. Kilimo hai na baiodinamiki vyote vinatoa mavuno pungufu kuliko kilimo cha kawaida, na kati yao wawili hutaona cha maana. Gramu mia kwa hekta ni kijiko kwenye bwawa la Mtera.

Pia hujasema umebadilisha vitu vingapi kwa mpigo. Samadi, mbuzi, pembe, na nina hakika kuna zaidi. Sasa zabibu zikinawiri utajuaje ni kipi?

Mpogoaji

Shikamoo mzee wangu. Sipingi hata moja. Mistari minne ya mwisho upande wa korongo sijawahi kuipulizia maji ya pembe. Samadi sawa, mbuzi sawa, maji sawa. Miaka mitatu naitazama na naionja. Sioni tofauti. Nimeandika "ukweli wote" kwenye kichwa cha uzi, na huo ni sehemu yake.

Lakini pembe zilinifanya niulize swali ambalo nisingeuliza: mzabibu wa Dodoma unalala lini?

Mzabibu ni mti wa nchi zenye baridi. Ulaya majani yanapukutika, unalala miezi minne, chakula kinarudi kwenye mizizi na shina. Hapa hakuna kinachouambia lala. Tunapogoa, unachipua, siku mia moja na ishirini tunavuna, tunapogoa tena. Mavuno mawili kwa mwaka, tunajisifu. Mzabibu wa baba ulichoka ukiwa na miaka kumi na miwili, mwingine Ufaransa una miaka themanini na bado unazaa.

Na yale mavuno ya Februari na Machi, tuambizane ukweli, ni ya nini? Mvua inanyesha kwenye vichala. Ubwiri vinyoya. Ubwiri unga. Yote magonjwa ya ukungu. Zabibu zinapasuka, nyigu, kuoza. Nilikuwa napuliza kila baada ya siku saba hadi kumi, na bado kwenye kipima sukari naona asilimia 16, 17. Mnunuzi anakuja, anakamua tone moja, anatikisa kichwa, anataja bei ya kukutukana. Za Agosti na Septemba, jua kali usiku baridi, zinafika 22 au 23 bila kubembelezwa.

Kwa hiyo nikaacha mavuno ya mvua. Yote.

Mzee wa Hombolo

Umeacha mavuno mazima??? Watoto wanakula nini kijana wangu, nyota?

Mbishi wa Makulu

😂😂😂 mzee wa Hombolo leo hana mchezo

Mpogoaji

Mzee, swali la haki. Hesabu yangu, ya ekari mbili, si utafiti: zamani nilivuna kama tani mbili wakati wa mvua na tano kiangazi. Sasa sifuri na sita. Nimepoteza tani moja, tena ya zile za bei ya kutukana. Nilichookoa ni dawa, vibarua wa kupuliza, na usingizi wangu mwenyewe.

Ratiba ilivyo:

Mei napogoa kwa ajili ya matunda. Mwishoni mwa Agosti mpaka Septemba navuna. Kichala cha mwisho kikitoka tu, mbuzi wanaingia. Majani bado mabichi, na wakati huo malisho ya nje yamekauka. Ndani ya wiki mbili wameshayala yote na kuacha samadi mstari kwa mstari, sijabeba toroli hata moja. Kisha nafunga maji. Naacha tone la kuzuia kifo tu. Septemba, Oktoba, Novemba mzabibu unalala. Baridi hatuna, tuna kiu, na mzabibu umeikubali kiu kama usiku wake.

Mvua ya Desemba ikija napogoa tena, safari hii kwa ajili ya kujenga matawi. Maua yakitokea nayabinya. Katikati ya mistari napanda kunde na choroko. Majani yakipata ubwiri kidogo sina presha, maana hakuna tunda la kuoza. Aprili kunde zinafyekwa zinalala hapohapo, Mei tunaanza upya.

Nilidhani nimegundua kitu. Baadaye nikakuta wenzetu wa Nashik, India, wanapogoa mara mbili wanavuna mara moja miaka na miaka. Basi.

Dada wa Veyula

Kaka mimi mbuzi ndio wameniponza. Mwaka juzi waliingia mizabibu ikiwa na majani ya wiki tatu, walimaliza mistari mitano kabla sijarudi kutoka kliniki na mtoto. Nilikaa chini nikalia. Wewe unawazuiaje?

Mpogoaji

Pole sana dada. Kwangu ilikuwa mistari mitatu, na aliyefungua geti ni mimi. Sasa nimezungushia minyaa na miiba, na geti lina kufuli kuanzia Mei mpaka mavuno, ufunguo anao mama watoto, mimi siaminiki. Kitu kingine: usiwaingize mbuzi kwenye mizabibu michanga chini ya miaka mitatu, wanamenya gome la shina.

Na muhimu kuliko yote, kama unapuliza mrututu, ile dawa ya ukungu yenye shaba. Baiodinamiki yenyewe inaruhusu shaba na salfa, ila kwa kipimo. Demeter wanataka shaba isizidi wastani wa kilo tatu kwa hekta kwa mwaka. Shaba ikishaingia kwenye udongo haitoki. Mbuzi anaivumilia kiasi, kondoo haivumilii kabisa, inamuua ini polepole. Kama una kondoo, wasikanyage humo msimu wa mrututu. Mimi siku hizi napuliza mara mbili tu, Januari na Februari, zaidi ya miezi sita kabla ya mbuzi kuingia.

Bwanashamba Mstaafu

Hilo la kondoo mlisome mara mbili. Nimeshaona zizi zima limelala.

Na kwenye suala la kulaza mizabibu nakuunga mkono, kwa sababu hiyo ni fiziolojia ya mmea na inaelezeka. Wanga unarudi kwenye mizizi, macho ya msimu ujao, yaani vichipukizi, yanapata kujengeka. Ila waambie wenye udongo wa kichanga kitupu wasifunge maji kabisa, na wenye visima vya chumvi wawe waangalifu zaidi, maana maji yakipungua chumvi inapanda kwenye mizizi. Hombolo mnanielewa.

Mzee wa Hombolo

Tunakuelewa. Maji ya kisima changu ukichemshia mayai huhitaji chumvi.

Kijana, nimesoma tena maelezo yako. Mchwa je? Mimi nikiweka majani makavu chini ya mizabibu, mchwa wanakuja kama wameitwa kwenye sherehe, wakimaliza majani wanahamia kwenye nguzo, wakimaliza nguzo wanapanda shina.

Mpogoaji

Mzee, hapo sijashinda, nimepunguza tu. Vitu vitatu. Sitandazi majani makavu kugusa shina, naacha duara wazi la hatua moja. Nguzo za pembeni nimeweka za zege kidogo kidogo kila mwaka, za miti zimebaki katikati. Na kuku: mwanangu anachukua kibuyu kilichopasuka, anaweka humo samadi mbichi na mabua yaliyoloweshwa, anakifunika karibu na kichuguu jioni. Asubuhi kibuyu kimejaa mchwa, anakimwaga bandani. Vifaranga wanapigana kama wako sokoni. Ujanja huu ni wa bibi yangu, Steiner hahusiki.

Nilichoona pia ni kwamba mchwa wanaanza na mzabibu uliochoka. Wenye nguvu wanauzunguka.

Mvinje wa Tanga

Habari za huko bara. Naomba kuuliza kuhusu zile namba 502 mpaka 507. Nimeona zinahitaji maua ya Ulaya, magome ya mwaloni, na kile kimmea kinachowasha cha nchi za baridi. Dodoma unavipata wapi?

Mpogoaji

Sivipati dada, na siagizi. Shamba lijitegemee halafu mitishamba ije kwa ndege? Mboji yangu ni samadi, makapi ya zabibu, matawi ya kupogoa yaliyokatwakatwa, majivu na maji. Makapi nayapata nikikamua kidogo hapa nyumbani. Yakiwa mabichi yana ukali, mboji inachelewa, kwa hiyo nayachanganya na samadi nyingi na kuyageuza kila wiki mbili.

Nembo ya Demeter kwa hiyo siipati na sijaiomba. Mnunuzi wangu ananunua kwa kilo na kwa sukari. Siku moja nilimwambia zabibu zangu hazina sumu, akaniuliza, "zina uzito gani?"

Mvinje wa Tanga

Ndiyo maana nimeuliza. Wahindi wanaofanya baiodinamiki wanachemsha majani ya mvinje kwa ajili ya ukungu, badala ya ule mmea wa Ulaya wanaouita mkia wa farasi. Huku pwani mivinje imejaa ufukweni, majani yanafagiwa na kuchomwa. Ukitaka nakujazia kiroba kwenye basi, wewe utalipia mzigo tu.

Mbishi wa Makulu

Hapa ndipo jukwaa linanoga. Mleta uzi, usikatae kitu cha bure.

Naivasha Juu

Habari wadau, niko Naivasha, Kenya. Hapa kwetu tuko juu zaidi na baridi iko kiasi, lakini shida ya mzabibu kukosa usingizi tunaijua vizuri. Swali langu ni moja: kalenda ya mwezi unaifuata ama umeiacha? Mimi nilijaribu, nikapata siku ya tunda imeangukia siku ya kanisa na siku ya mzizi wafanyakazi hawako.

Mpogoaji

Karibu ndugu yetu. Nimeiacha kwa kila kitu isipokuwa kupogoa. Mama alikuwa anasema usikate mti mwezi ukiwa mchanga, unatoa maji mengi, na mti wa kujengea ukikatwa hivyo unaliwa na wadudu. Sijathibitisha. Napogoa mwezi ukiwa unafifia kwa sababu mama alisema, na kwa sababu kibarua wangu mzuri ana nafasi wiki hiyo.

Bwanashamba Mstaafu

Sababu ya pili ndiyo ya kisayansi.

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kama mistari minne isiyo na pembe iko sawa na mingine, mwaka huu utazika tena?

Mpogoaji

Mzee, nimeshazika. Desemba, kumi na mbili, chini ya mkwaju uleule. Safari hii mchana kweupe, na yule mzee aliyenusa mwaka ule alipita, akasimama, akauliza kama nimebakiwa na mbili za shamba lake la mtama. Nikampa.

Dada wa Tanga, nimekutumia ujumbe. Kiroba kimoja kinatosha kwa kuanzia, na tafadhali yawe majani makavu, mwaka jana mtu alinitumia moringa mbichi kwenye mfuko wa plastiki, ikafika Dodoma imeoza.